Wavu wa Kuvulia Maji

Fomu ilitaka nieleze, kwa maneno yasiyozidi 200, kwa nini ninafaa kuwa mhandisi mwandamizi wa kukokotoa mikondo ya maji na joto katika kituo cha nyuklia. Nilikuwa sebuleni kwetu Al Khuwair, hapa Muscat, watoto wamelala. Maombi yote huwa nayaandika kwanza kwa Kiswahili ndipo nayatafsiri, maana kwa lugha ya watu najisifu bila kujisikia. Mama akapita na kikombe chake cha chai.

"Hivi hasa kazi yako nini, mwanangu?"

"Kutazama maji, mama."

"Maji ya wapi?"

"Ya ndani ya mabomba. Yasiyoonekana."

Akaguna, akaenda zake. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Ndani ya vinu vingi maji yana joto la nyuzi 300 hivi, na shinikizo lake ni zaidi ya mara 150 ya lile la hewa tunayovuta. Hakuna wa kuchungulia humo. Basi tunayaandika maji kwa namba, tukaiambia kompyuta iyatembeze.

Kanuni zake ni za zamani. Navier, Mfaransa, alizitoa mwaka 1822. Stokes akazikamilisha mwaka 1845. Zinasema kila chembe ya maji inasukumwa, inavutwa na kusuguana na jirani yake, basi. Kuziandika ni mistari michache. Kuzitatua kikamilifu kumewashinda wanahisabati hadi leo, na dola milioni moja zilizotengwa mwaka 2000 kwa atakayethibitisha tu kwamba majibu yake daima yapo na ni laini bado hazijapata mwenyewe. Kwa hiyo sisi mafundi tunaukata mkondo vipande vipande. Mpangilio wa vipande hivyo wenzangu huuita meshi. Mimi nauita wavu, kwa kuwa babu yangu alikuwa mvuvi wa Malindi, Unguja, naye alijua kuwa jarife halishiki dagaa. Katikati ya bomba, maji yanakokwenda moja kwa moja, macho makubwa yanatosha. Karibu na ukuta, maji yanapokiambaa chuma, macho lazima yawe membamba kuliko unywele. Ustadi uko katika kujua samaki anaponyoka wapi: kwenye kona, kwenye kiungo, penye maji mawili kukutana.

Anayetaka kuonja ugumu wake aende jikoni. Fungua bomba taratibu: maji yanashuka kama kijiti cha kioo, unaweza kusoma gazeti nyuma yake. Ongeza kidogo, kijiti kinatetemeka. Ongeza tena, kioo kinavunjika, maji yanakuwa meupe na yenye kelele. Mwaka 1883, wakati Seyyid Barghash anasimamisha jumba la Beit al-Ajaib kule Unguja, Osborne Reynolds alikuwa Manchester akipitisha uzi wa rangi ndani ya mrija wa kioo, akiutazama unyooke, utetemeke, kisha uchanike na kutapakaa. Karibu kila kinachonikosesha usingizi kimo ndani ya kule kuchanika.

Tarehe 12 Mei 1998, katika kituo cha Civaux, Ufaransa, bomba la mfumo unaoondoa joto la kinu kilichozimwa lilipasuka ufa wa sentimita 18, maji yakavuja mita 30 za ujazo kwa saa. Kituo kilikuwa kipya. Kilichokipasua chuma ni maji ya moto na ya baridi yaliyokutana kwenye kiungo yasichanganyike upesi. Ulimi wa moto unalamba ukuta, unaondoka, wa baridi unakuja, tena na tena, na chuma kinatanuka na kusinyaa mpaka kinachoka, kama waya unaokunjwa huku na huku. Ukipima wastani wa joto mahali pale huoni kitu. Wastani ni vuguvugu lililotulia. Ugonjwa umo katika mtikisiko ambao wastani umeufuta.

Nilipoisoma habari hiyo ndipo fani ikaniingia damuni. Kuna njia rahisi ya kukokotoa, inayoyauliza maji wastani wake. Na kuna njia ghali, inayokifuata kila kizingia kikubwa tangu kuzaliwa mpaka kufa kwake, ikila siku na wiki za kompyuta. Fundi mzuri hujulikana kwa kujua lini ya kwanza inatosha na lini inakudanganya.

Tena ni fani yenye adabu. Baada ya Civaux, kampuni ya Vattenfall ya Sweden ilipima kiungo cha aina hiyo katika maabara yake ya Älvkarleby, ikayafungia majibu. Wahandisi wa nchi mbalimbali wakaombwa wakokotoe bila kuyaona, na mwaka 2010 hesabu zao zikawekwa kando ya vipimo. Kutaja jibu lako hadharani kabla maji hayajatoa lao: sijaona heshima kubwa ya kazi kuliko hiyo.

Mimi mwenyewe maji yameniumbua. Miaka ya nyuma, katika kiwanda kimoja cha kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, nilikokotoa njia ya maji ya chumvi nzito yanayorudishwa baharini, tujue kama yatanyonywa tena na mlango wa kuvutia maji. Picha ilitoka nzuri, ya buluu na nyekundu, ikapigiwa makofi. Kisha mpiga mbizi akashusha kipimo. Maji yale mazito yalikuwa yamelala chini, na bahari ilipogeuka yakarudi polepole hadi mlangoni. Nilikuwa nimeikokotoa bahari isiyojaa wala kupwa. Mjukuu wa mvuvi nimeisahau bamvua! Nilianza upya, safari hii na mwezi ndani ya hesabu.

Oman haina kinu cha nyuklia. Majirani zetu wa Abu Dhabi wanayo Barakah, vinu vinne vya jumla ya megawati 5,600, cha nne kikianza kuzalisha umeme kibiashara Septemba 2024. Lakini kuyakisia maji yasiyoonekana ni kazi ya kale katika nchi hii. Mafalaji yanayatoa maji chini ya milima na kuyaleta kwenye mitende kwa mteremko mdogo ambao jicho halitambui; matano yako kwenye orodha ya UNESCO tangu 2006, likiwemo Falaj Daris la Nizwa. Wadi, yaani bonde la mto wa msimu, inapokata njia, mafundi waliyashusha maji kisimani, wakayapitisha chini ya wadi na kuyapandisha ng'ambo ya pili. Waliyakabidhi maji kwa giza wakiwa na hakika yatatokea. Hao nawahesabu walimu wangu.

Na hakika hiyo ndiyo inayotakiwa kwenye kinu. Ukikizima, hakipoi. Kinu cha megawati 4,000 za joto, mara tu baada ya kuzimwa, bado kinatoa zaidi ya 250, na baada ya saa nzima kinatoa makumi. Fukushima, Machi 2011, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vyenyewe tetemeko lilipopiga. Maji ya kuvipoza ndiyo yaliyokosekana, na vitatu vikayeyuka.

Fomu ina kisanduku cha mafanikio makubwa zaidi. Nilikuwa nimejaza hesabu yangu moja ya wavu wa macho milioni 60. Nikaifuta. Nikaandika habari ya mlango wa maji, kiasi nilichokosea, na kipimo cha mpiga mbizi.

Mama akarudi na kikombe kitupu, akasimama nyuma yangu akisoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza, mpaka akafika kwenye bamvua.

"Hili nalijua," akasema, akavuta kiti.