Rafiki Aliyelishwa Kasumba: Ufundi wa Kumgeuza Shujaa na Kumrudisha

Joe Simon na Jack Kirby walimbuni Captain America ili ampige Hitler. Kwenye jalada la toleo lake la kwanza, la Machi 1941, ngumi yake imetua kwenye taya la Hitler mwenyewe. Miaka 35 baadaye, katika hadithi iliyogawanywa kwenye matoleo manne kati ya Machi na Juni 1976, mwandishi Roy Thomas alimfanya shujaa huyo huyo awatumikie Wanazi. Red Skull, adui yake wa siku zote, alikuwa amemteka yeye pamoja na Human Torch, kijana Toro na Namor, mfalme wa baharini, akawaondolea hiari na kuwageuza silaha zake. Kundi lao, The Invaders, lilikuwa limeundwa kupigana upande wa Washirika katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Aliyebaki na akili zake ni Bucky peke yake, kijana mwenza wa Captain America asiye na nguvu zozote za ajabu. Akaenda redioni kuomba msaada, na mashujaa saba wakaitika: Patriot, Whizzer, Miss America, Red Raven, Thin Man, Jack Frost na Blue Diamond. Wakaitwa Liberty Legion, na kazi yao ya kwanza ikawa kupigana na watu ambao wao wenyewe waliwahusudu.

Hadithi za namna hii ni nyingi katika katuni za vita, na wasomaji wengi huzipita haraka kwa sababu mwisho wake unajulikana: rafiki atarudi. Naamini papo hapo ndipo mwandishi anapopimwa. Kumgeuza mhusika ni rahisi, kwani mashine au dawa moja inatosha. Kumrudisha ndiyo kazi, na namna anavyorudishwa ndiyo inayotuambia kama mwandishi anawajua binadamu.

Tuanze na alichofaulu Thomas. Mwaka 1976 hakuna msomaji aliyeamini kwamba Captain America angebaki mtumwa wa Wanazi. Kwa hiyo Thomas alihamisha wasiwasi wa hadithi, akauweka kwa wale saba. Wengi wao walikuwa mashujaa wa miaka ya 1940, enzi ambazo Marvel ilikuwa bado inaitwa Timely, na walikuwa wamesahaulika. Angeweza kuwasifu kurasa nzima na msomaji asiwajali. Alipowapambanisha na majabali ambao msomaji anawajua nguvu zao, kila pigo walilolihimili likawa kipimo ambacho hakihitaji maelezo.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo kiini cha ufundi huu. Pigano kati ya shujaa na adui lina swali moja: nani atashinda? Pigano na rafiki aliyelishwa kasumba lina maswali mawili yanayovutana: nitamshindaje, na nitamshindaje bila kumuua? Mwenye akili timamu anapiga huku akijizuia, na aliyetekwa akili anapiga kwa nguvu zake zote. Utimamu wenyewe unageuka udhaifu. Ndiyo maana mapigano ya namna hii hushika moyo hata pale mchoro unapokuwa wa haraka, maana kila ngumi isiyorushwa nayo inasema kitu.

Hata mgawanyo wa matoleo ulisaidia. Hadithi ilianza kwenye The Invaders namba 5, ikahamia Marvel Premiere namba 29 iliyochorwa na Don Heck, ikarudi The Invaders namba 6, ikamalizikia Marvel Premiere namba 30. Kibiashara, msomaji alilazimika kununua majarida mawili. Kihadithi, alikuwa anavuka kutoka jarida la waliotekwa kwenda jarida la waokoaji na kurudi, akiwatazama watu wale wale kwa macho mawili. Na kumpa Bucky kazi ya kuita wenzake ulikuwa uamuzi wa busara. Mnyonge kuliko wote ndiye aliyebaki na kumbukumbu ya jinsi rafiki zake walivyokuwa, na bila kumbukumbu hiyo hakuna wa kusema kwamba hawa mbele yetu si wenyewe.

Thomas aliitumia kasumba kwa kazi nyingine alipohamia kampuni ya DC. Mfululizo wake wa All-Star Squadron, ulioanza mwaka 1981, unaanzia Desemba 1941, siku za shambulio la Pearl Harbor, na ulikabiliwa na swali ambalo kila mtoto huliuliza: kama Superman alikuwapo, kwa nini vita havikuisha kwa siku moja? Jibu lake lilikuwa uchawi wa adui aitwaye Dragon King, uliozizunguka nchi za Ujerumani na Japani. Shujaa mwenye nguvu za kichawi, au anayedhurika na uchawi kama Superman, akivuka mpaka tu anageuka mtumishi wa adui. Hapo kasumba inafanya kazi ya ukuta: inawazuia wenye nguvu wasiiharibu historia tunayoijua. Ni jibu safi la kifundi, ila halina la kusema juu ya mtu aliyegeuzwa.

Na hapa ndipo penye pengo. Katika hadithi ya 1976, nguvu za Red Skull zinapokatika, akili zinarudi zote kwa mara moja. Kundi linaendelea na vita vyake, Liberty Legion linabaki kulinda Marekani, na yaliyotendwa katikati yanafutika pamoja na kifaa kilichoyasababisha. Hofu aliyoitumia Thomas haikuwa hata ya wakati wa vita vya Hitler. Ilikuwa hofu ya miaka ya 1950, baada ya Vita vya Korea, pale askari 21 wa Kimarekani waliokuwa mateka walipokataa kurudi kwao wakachagua kwenda China. Marekani ilitikisika: inawezekanaje kijana wetu akageuka? Ilikuwa faraja kuamini kwamba kuna mbinu ya siri inayoweza kumvua mtu akili zake. Kama kosa ni la mbinu hiyo, basi si la mtu, wala si la jamii iliyomlea.

Deni hilo la kuyahesabu yaliyotendwa lililipwa mwaka 2005, na aliyelipishwa ni Bucky. Marvel ilikuwa imeshasimulia tangu Machi 1964, katika The Avengers namba 4, kwamba alifia kwenye mlipuko wa ndege mwaka 1945, na kwa zaidi ya miaka 40 aliachwa apumzike. Mwandishi Ed Brubaker na mchoraji Steve Epting wakamfufua kama Winter Soldier, muuaji wa siri wa Wasovieti mwenye mkono wa chuma wenye nyota nyekundu. Kijana aliyewahi kuwaita wengine waje kuwaokoa rafiki zake sasa ndiye mwenye kuhitaji kuokolewa.

Tazama alichokifanya Brubaker katika toleo la 11 la mfululizo wao wa Captain America. Captain America anapewa faili, na msomaji analisoma pamoja naye: mwili ulioopolewa baharini, kumbukumbu zilizopotea, mkono uliotengenezwa upya, na mafunzo ya kuua. Hakuna mashine inayowashwa mara moja ikamaliza kazi. Kasumba ya Bucky inahitaji kutunzwa. Kila baada ya kazi anarudishwa kwenye barafu, kwa sababu akikaa macho muda mrefu anaanza kuuliza maswali. Maelezo hayo madogo yanabadilisha kila kitu. Kama waliomteka wanalazimika kumtia kasumba tena na tena, basi kuna mtu ndani yake ambaye hawajammaliza.

Kisha toleo la 14. Captain America anashika mchemraba wenye nguvu za kutimiza matakwa, na badala ya kuutumia kumfunga au kumlaza Bucky, anamtakia akumbuke yeye ni nani. Ni adhabu kali kuliko kipigo, kwa sababu pamoja na utoto wake na urafiki wake wanarudi pia wote aliowaua. Bucky hashukuru. Anauponda mchemraba mkononi na kutoweka. Sijaona fremu inayoeleza vizuri kuliko hiyo kwamba kurudishiwa akili ni kurudishiwa pia uliyoyafanya bila akili. Brubaker na wenzake wakatumia miaka iliyofuata kumwandika mtu anayetembea na hesabu hiyo.

Naandika haya nikiwa Kajaga hapa Burundi, kati ya ziwa na barabara ya Gatumba, na kwetu jambo hili halikuishia kwenye karatasi. Burundi iliingia vitani mwaka 1993, na waliogeuka dhidi ya majirani hawakupitishwa kwenye kifaa chochote. Walisikiliza, wakaogopa, wakanyamaza, wakafuata. Kazi nzito ya kusimulia mgeuko huo wa polepole ilifanywa na redio. Mwaka 1997 Studio Ijambo ilianza kurusha Umubanyi Niwe Muryango, mchezo wa kuigiza wa Marie-Louise Sibazuri kuhusu familia mbili jirani, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi. Mwaka 2004 Rwanda ikapata Musekeweya, mchezo wa shirika la La Benevolencija, ambao mbinu yake baadaye ililetwa Burundi na mashariki mwa Kongo.

Musekeweya una vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, ugomvi wa ardhi, na mtu aitwaye Rutanagira anayechochea. Ufundi wake ni subira. Uchochezi unapanda ngazi kwa ngazi: lalamiko la kweli kwanza, kisha wa kulaumiwa, kisha mzaha, kisha fimbo. Katika kila ngazi kuna mtu anayeweza kusema hapana, na msikilizaji anamsikia akisema au akinyamaza. Batamuriza, dada wa mchochezi, anampenda Shema wa kijiji cha pili, na upinzani unatoka ndani ya nyumba ya Rutanagira mwenyewe. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alipoupima mchezo huu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, aliona kwamba imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni namna walivyoelewa lipi linakubalika katika jamii, pamoja na utayari wao wa kutofautiana na wenzao hadharani. Matokeo hayo nayaheshimu sana. Mchezo haukuwaosha watu akili kwa upande wa pili. Uliwapa nafasi ya kuzitumia walizo nazo.

Vijana wanaochora katuni hapa Bujumbura wana hazina mbili mkononi. Kwa Thomas wajifunze kwamba pigano na rafiki ni gumu kwa sababu ya kujizuia, na kwamba aliye mnyonge anafaa kuwa ndiye anayekumbuka. Kwa Brubaker wajifunze kwamba kasumba inayohitaji kutunzwa inaacha mlango wazi, na kwamba anayerudi lazima arudi na hesabu yake. Redio yetu iwafundishe lile ambalo wote wawili hawakulifikia: kuonyesha ngazi zote, na kwenye kila ngazi kumweka mtu aliyekuwa na uwezo wa kukataa. Atakayeviunganisha vitatu hivyo ataandika hadithi ambayo jirani aliyepotea anaweza kuisoma bila kudhalilishwa, na aliyepoteza ndugu akaisoma bila kudanganywa.