Hija ya Visiwa vya Goto: Twaenda Kutazama Nini?

Visiwa vya Goto viko baharini, magharibi ya Nagasaki, katika nchi ya Japani. Wahujaji huvipitia kwa chombo na kwa miguu, toka kanisa hata kanisa, na wakirudi husifu majengo. Majengo yastahili sifa. Kanisa la Kashiragashima, lililomalizika mwaka 1919, ni la mawe. La Egami, katika kisiwa cha Naru, ni la mbao, la mwaka 1918. Yote mawili ni kazi ya fundi Tetsukawa Yosuke, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa dini ya Buddha. Twamsifu naye.

Lakini twaona kasoro katika namna hii ya kuhiji, wala si ndogo. Makanisa hayo ni matunda ya amani. Yalijengwa baada ya mwaka 1873, serikali ilipokwisha kuondoa mabango ya kukataza dini ya Kristu, iliyokatazwa tangu mwaka 1614. Imani haikulindwa ndani ya kuta hizo. Ililindwa katika nyumba za wakulima na wavuvi waliohamia toka Sotome kuanzia mwaka 1797, wakakaa penye miteremko na pwani mbaya ambazo wenyeji hawakuzitaka. Padri hawakuwa naye. Palikuwa na mzee wa kalenda, aliyehesabu sikukuu na siku za kufunga, na mzee wa maji, aliyebatiza watoto. Sisi tuongozao sala katika vijiji ambamo padri hufika mara chache kwa mwaka, twamfahamu mzee huyo bila kuelezwa sana. Ila yeye hakungoja miezi. Baba yake na babu yake walikufa bila kumwona padri. Kazi yake haikuacha jengo, na mwenye kutafuta majengo atampita njiani.

Japani yenyewe ilipaswa kujifunza jambo hilo. Mwaka 2015 ilipeleka UNESCO orodha iliyotanguliza makanisa. Mwaka 2016 iliiondoa, kwa kuwa wakaguzi walishauri miaka ya marufuku iwekwe mbele. Orodha mpya ilikubaliwa mwaka 2018, na katika Goto vilivyoandikwa ni vijiji. Wahujaji bado huuliza makanisa.

Mwenye kwenda tungemshauri akae zaidi Hisaka na Nozaki. Katika Hisaka, mwaka 1868, watu wapata 200 walisongamanishwa katika chumba cha mita za mraba 20 hivi, kwa miezi 8, na 42 walikufa kwa mateso hayo. Katika Nozaki, nyumba 17 za kijiji cha Nokubi zilichanga fedha zao zikajenga kanisa la matofali, mwaka 1908. Kisha watu walihama: wa Funamori mwaka 1966, wa Nokubi mwaka 1971. Kanisa limebaki peke yake juu ya matuta ya mashamba ya zamani, na kulungu hula majani pale. Toka Nokubi hata Funamori kuna njia ya mlimani. Haina kitu kikubwa cha kutazama, kuta za mawe tu. Lakini mguu ukianza kuteleza, mtu aelewa ni udongo gani waliolima. Kwetu hiyo ndiyo sehemu bora ya hija nzima.

Tena, habari hii hupenda kumalizwa kwa furaha: siku ya 17 Machi 1865 Wakristu wa Urakami walijitambulisha kwa Padri Petitjean katika kanisa la Oura, na waliofichama wakarudi. Hawakurudi wote. Katika Goto, na hata Naru, jamaa nyingi ziliendelea na sala za mababu bila kujiunga na Kanisa. Kuwaita waasi ni haraka mno: walishika dini jinsi walivyoipokea kwa wazee wao, nao waliilipia gharama ile ile. Vikundi vyao katika Goto karibu vyote vimetawanyika. Naye mhujaji wa Egami hutazama mbao nzuri, hurudi chomboni, bila kuuliza majirani wa kanisa lile walisali nyumba gani.