Upweke wa Msafiri katika Die Harzreise ya Heinrich Heine

Mnamo Septemba 1824 Heinrich Heine, aliyekuwa mwanafunzi wa sheria katika Chuo Kikuu cha Göttingen, aliuacha mji huo kwa miguu akashika njia ya milima ya Harz, Ujerumani. Masimulizi ya matembezi hayo, Die Harzreise, yalitokea kwanza katika jarida la Der Gesellschafter mapema mwaka 1826, na mwaka huo huo yakaingia katika juzuu ya kwanza ya Reisebilder. Ni rahisi kuyasoma kama utenzi wa kusifu upweke: kijana mmoja, mkoba mgongoni, misonobari, na malazi chini ya paa la watu asiowajua. Usomaji huo hautoshi. Upweke katika kitabu hiki si hali ya msafiri bali ni chombo cha msimulizi, nacho humponyoka kila anapokutana na mtu mwenye maisha yake.

Baada ya mji wa Osterode msimulizi anaandamana na kijana mshona nguo, mwembamba kupita kiasi, mpenda nyimbo, na anamchora kwa kejeli tamu. Msomaji hucheka wala hashuku kitu. Lakini Agosti 1826 jarida lile lile lilichapa jibu la Carl Dörne, mfanyabiashara wa Osterode, aliyeeleza kwamba mshona nguo yule alikuwa ni yeye, na kwamba kazi hiyo alijisingizia tu ili amfanyie mzaha mgeni wa njiani. Kumbe mchunguzi naye alikuwa akichezewa! Jambo hili lisichukuliwe kuwa kichekesho cha pembeni. Nafsi ya kwanza itembeayo peke yake haina shahidi, na msomaji hana budi kuisadiki. Dörne ni shahidi aliyejitokeza bila kualikwa. Hata hivyo ushahidi wake haukiharibu kitabu. Unadhihirisha kwamba uhai wa kurasa zile ulitokana na utunzi wa watu wawili, ijapokuwa jina lililo juu ya jalada ni moja.

Huko Clausthal, baada ya kushuka katika machimbo ya Karolina na Dorothea, Heine anaingia katika makazi ya wachimba madini, na hapo nathari yake inapunguza mwendo. Kikongwe anayetetemeka ameketi nyuma ya jiko la kupashia chumba joto, akilielekea kabati kubwa. Heine anakisia kwamba huenda amekaa hapo robo karne, hata fikira zake zikashikamana na pembe za jiko na nakshi za kabati. Katika ukaaji wa namna hiyo, asema, ndimo zilimozaliwa ngano za Kijerumani ambamo vyombo vya nyumbani husema na kutenda. Mwalimu wa fasihi simulizi atatambua kwamba hii si sifa ya mandhari bali ni nadharia: ngano ni zao la anayekaa, si la anayepita. Nadharia hiyo inamhukumu mwenye kuitoa, maana yeye ni mpita njia. Ndiyo sababu katika shairi la kibanda cha mchimba madini, lililopachikwa katikati ya nathari, analazimika kukigeuza kibanda kuwa kasri kwa maneno ya uganga. Asiye na miaka ya kukaa hutafuta njia ya mkato.

Kabati linarudi kileleni Brocken, mita 1141 juu ya usawa wa bahari, katika nyumba ya wageni iliyojaa wanafunzi. Vijana wawili waliolewa wanafungua kabati wakidhani ni dirisha, wanauhutubia usiku, na suruali ya ngozi ya manjano wanaidhania mwezi. Kabati la kwanza lilitiwa uhai na mkaaji. La pili linatiwa uhai na pombe ya wapita njia. Yawezekana mwandishi hakulikusudia sambamba hilo, lakini limo, na kejeli yake inamgusa yeye mwenyewe.

Mteremko wa bonde la Ilse una lugha ya kupendeza, ila hauna uzito huo. Kisha masimulizi yanakatika, mwandishi akiyaita kipande tu. Kwa kweli aliendelea hadi Weimar akamzuru Goethe tarehe 2 Oktoba 1824, lakini ziara hiyo haimo. Atakaye kuonekana peke yake huchagua wa kumtaja.

Göttingen ile ile ndiko kulikochapishwa mwaka 1901 Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Carl Velten, ambamo Selim bin Abakari anasimulia safari ya Urusi na Siberia alikomfuata bwana wake Mjerumani. Kwa Selim mwenye kutembea ni "sisi". Kiswahili cha zama zake kiliuita msafara wenyewe, watu pamoja na mizigo yao, kwa jina hilo hilo la safari. Mfasiri wa Die Harzreise atakwama basi kwenye anwani. Akisema "matembezi", ataulinda upweke ambao Heine aliubuni, na kuufanya kuwa burudani ya jioni. Akisema "safari", sikio la kale litasikia nyayo nyingi: za Dörne, za wanafunzi wa Brocken, na kikongwe asiyetoka nyuma ya jiko akiwasikiliza wanavyopita. Neno la pili ndilo lenye kustahili kuwekwa juu ya jalada.