Kielezi «Quite» na Mtego wa «Kabisa»

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yapimayo sifa, ni machache yamhadaayo mtafsiri kama kielezi «quite». Ni neno fupi, la kila siku, nalo hufundishwa mapema. Mwanafunzi huambiwa kwamba maana yake ni «kabisa», naye huridhika. Ufafanuzi huo si uongo, lakini ni nusu tu ya ukweli.

Asili ya neno yaeleza sehemu ya tatizo. «Quite» lilitoka katika Kifaransa cha kale, kwenye shina lile lile la «quitte», neno ambalo msomaji wa Kongo analifahamu: mtu asiyedaiwa tena, aliyelipa akamaliza. Shina hilo nalo latokana na Kilatini «quietus», yaani aliyetulia. Kutokana na wazo la deni lililokwisha, Waingereza walipata maana ya ukamilifu, nayo ndiyo iliyotangulia. Maana ya pili, ile ya «kiasi», ilienea baadaye sana, hasa katika karne ya 19, bila ya kuifukuza ya kwanza.

Hivyo maana mbili zakaa nyumba moja, na mara nyingi kinachozitenganisha ni sifa inayofuata. Sifa isiyo na ngazi huvuta maana ya ukamilifu: «quite impossible» ni jambo lisilowezekana kabisa. Sifa yenye ngazi, kama uzuri au joto, huvuta maana ya kadiri: «quite good», kinywani mwa Mwingereza, mara nyingi ni kizuri kiasi, na huenda sauti yake ikadokeza kwamba kilitarajiwa kilicho bora zaidi. Mmarekani akitamka maneno hayo hayo, kwa kawaida anasifu kwa dhati: kitu hicho ni kizuri sana. Kifaransa kingegawa kazi hiyo kati ya «tout à fait» na «assez». Kiingereza kimeliachia neno moja.

Hasara yake si ya darasani tu. Mwalimu wa London akiandika kwamba mwanafunzi ni «quite good», na mtafsiri akaweka «hodari kabisa», sifa ya wastani imekuzwa. Mwalimu wa Chicago akiandika hivyo hivyo, na mtafsiri akaweka «hodari kiasi», mwanafunzi amedhulumiwa. Kabla ya kutafsiri neno, yapasa kujua limetoka kwa nani.

Mtego mkubwa zaidi umo katika ukanushi. Kiingereza kikisema kwamba maji ni «not quite clean», maana yake ni kwamba usafi umekaribia lakini haujatimia. Mtafsiri mwaminifu kwa kamusi yake ataandika «maji si safi kabisa». Lakini katika Kiswahili, «kabisa» ikifuata ukanushi, mara nyingi huutilia nguvu ukanushi wenyewe: asemaye «sijui kabisa» hakusudii kusema kwamba anajua nusu. Hivyo msikilizaji ataelewa kwamba maji yale ni machafu mno. Vivyo hivyo «kidonda hakijapona kabisa» huweza kusikika kama habari ya kidonda kilichokaribia kupona, au ya kidonda kisichoonyesha dalili yoyote ya kupona. Katika taarifa ya afya, tofauti hiyo ni kubwa.

Kasoro haimo katika Kiswahili, chenye «sana», «mno», «hasa», «kiasi» na «kidogo», tena chenye uwezo wa kulihamishia wazo katika kitenzi: «kidonda kinakaribia kupona», «maji bado yana uchafu kidogo». Kasoro imo katika mazoea ya kutafuta neno moja kwa neno moja. Kamusi na mwalimu wangefanya kazi bora zaidi wakionyesha mazingira ya neno badala ya kisawe kimoja: sifa gani inafuata, msemaji ni wa wapi, na je, sentensi inakanusha? Mtafsiri asiyejiuliza maswali hayo matatu hatafsiri kadiri, anabahatisha.