Anwani au Kiambishi? Uhakiki wa Istiari Moja ya Elimu ya Seli

Wataalamu wa elimu ya seli wanapoeleza jinsi protini ziingiavyo katika kiini cha seli, hupenda istiari ya posta: protini ni kifurushi, na mfuatano mfupi wa asidi amino uliomo ndani yake ni anwani. Istiari hii imezoeleka mno hata haihojiwi. Yafaa ihojiwe kabla hatujaitia katika vitabu vya Kiswahili, kwani neno tutakaloliteua ndilo litakaloongoza fikira za mwanafunzi.

Anwani huandikwa juu ya bahasha, na bahasha hutupwa barua ikishafika. Mfuatano huu sivyo ulivyo. Ni sehemu ya mwili wa protini, wala haukatwi baada ya safari. Na ni heri, kwa kuwa katika seli za wanyama utando wa kiini huvunjika kila seli igawanyikapo, na protini zilizotawanyika hulazimika kuingia upya. (Ishara zipelekazo protini nje ya seli, alizozichunguza Günter Blobel, mshindi wa Tuzo ya Nobel mwaka 1999, aghalabu hukatwa, huko bahasha ina nafuu.)

Mwanaisimu ataona kiambishi. Protini ya T ya kirusi SV40 ina mfuatano wa asidi amino 7 tu, 5 kati yake zikiwa na chaji chanya. Mwaka 1984 ilidhihirishwa kwamba laisini moja humo ikibadilishwa kuwa threonini, protini hubaki nje ya kiini. Tena mfuatano huo ukipachikwa kwenye protini ambayo kwa kawaida haiingii, nayo huingia. Nukleoplasimini yapendeza zaidi: ishara yake ni mafungu mawili yaliyotengwa na asidi amino 10, na fungu moja halitoshi. Ni nani asiyekumbuka ukanushi wa "hasomi", unaotaka ha- mwanzoni na -i mwishoni?

Hata hivyo, kiambishi kina mahali pake maalumu katika neno, ilhali ishara hii yaweza kukaa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa protini, mradi iwe wazi importini ipate kuishika. Kuishika, si kuisoma: importini huvutwa na chaji na umbo. Kwa sababu hiyo hata neno "ishara" lina walakini, maana lahitaji msomaji. Napendekeza "kishikio cha kiini". Kishikio ni sehemu ya chombo chenyewe, nacho hakiondolewi chombo kikishawekwa mezani.