Alama 64 na Mpunga wa Ahero

Digrii niliiacha mwaka wa pili. Nilichorudi nacho nyumbani Ahero ni kitabu, *Cultures and Organizations* cha Geert Hofstede, cha 1991. Nimekisoma tena wiki hii na, kusema kweli, kinasomeka. Mholanzi huyu anaeleza jambo ambalo kila aliyewahi kuajiriwa analijua: mdosi anauliza "kuna swali?" na watu wote wanaangalia viatu.

Shida inaanza kwenye namba. Kenya haina yake. Tumetiwa kapu moja na Tanzania, Zambia na Ethiopia, tukapewa alama 64 ya umbali kati ya mkubwa na mdogo kazini. Yaani mkubwa anaamuru na sisi tunaona sawa. Walioulizwa ni wafanyakazi wa IBM. Mkulima, hata mmoja, hayumo.

Hapa kwetu maji ya Mto Nyando hupandishwa kwa pampu hadi mashamba ya mpunga. Sheria ya Umwagiliaji ilipita 1966. Chini yake mkulima hakuwa mwenye shamba, alikuwa mpangaji mwenye leseni, na meneja wa skimu ndiye aliyesema mpunga upandwe lini. Ukikaidi, leseni inaondoka, na shamba nalo.

Nilimuuliza jirani aliyelima enzi hizo: "Jaduong', mbona hamkumpinga meneja? Ni mila yetu?"

Akacheka. "Mila gani, nyathina? Karatasi ilikuwa kwake."

Hapo ndipo Hofstede ananipoteza. Anaona kimya, anakiita utamaduni, haulizi leseni iko kwa nani. Ulimaji huu wa amri ulianzia Mwea, skimu iliyochimbwa miaka ya 1950 na wafungwa wa Mau Mau. Hiyo ni mila ya nani? Na mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima wa Mwea waliikataa bodi, wakauza mpunga wao wenyewe. Alama 64 ilikuwa wapi siku hiyo?

Hofstede mwenyewe anaonya kwamba alama ni za jamii, si za mtu mmoja mmoja. Sawa. Lakini mameneja hurukia jedwali, onyo wanaliacha. Niliwahi kubeba magunia miezi minne kwenye kinu cha kukoboa mpunga. Meneja, kijana mwenye digrii ile niliyoiacha, aliniambia, "Watu wa huku wanapenda kuambiwa." Tulilipwa kwa siku. Mwenzetu mmoja aliuliza kuhusu mizani. Kesho yake hakuitwa.