Kitenge cha Tunduma: Kigeuze Kwanza, Ndipo Uulize Bei

Anayetoka Mbeya kwenda Tunduma kutembea na kununua vitenge atatamani kusimama Mbozi akione Kimondo. Asimame wakati wa kurudi. Lile pande la chuma, linalokadiriwa kuwa na tani 12 hivi, halina haraka. Mwanga wa mchana ndio wenye haraka, na kitenge hakichaguliwi kwa taa.

Tunduma imegusana na Nakonde ya Zambia, na vitenge vya kila aina hupita hapo, vikiwamo vile ambavyo kila muuzaji anaviita waksi ya Uholanzi. Hapo kwenye jina ndipo wengi wanapoliwa. Vlisco, kiwanda cha Helmond nchini Uholanzi kilichoanzishwa mwaka 1846, huchapa jina lake ukingoni mwa kitambaa. Lakini kuchapa maneno ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na waigaji wanaijua. Ukingo usome mwisho.

Anza kwa kukigeuza. Waksi halisi hupakwa nta ya utomvu pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi, kwa hiyo mbele na nyuma hukolea sawasawa. Nyuma kukiwa kumepauka, hicho kimechapwa upande mmoja. Si dhambi kukinunua, ilimradi ulipe bei yake.

Kisha tafuta nyufa. Nta ikikauka hupasuka, rangi ikapenya na kuacha mistari myembamba kama mishipa ya jani. Chagua ua moja, ifuate mistari yake, halafu tafuta ua hilohilo linapojirudia mbele. Ukikuta mistari ileile, kona zilezile, ujue nyufa hizo zimechorwa tu. Nta haipasuki mara mbili kwa namna moja. Jaribio hili ndilo ninaloliamini kuliko yote. Rangi iliyotoka kidogo nje ya mchoro isikutishe: kwenye waksi nzuri ni kawaida, na mimi hata naipenda.

Ugumu wa dukani usikuhadae, mara nyingi ni wanga. Fikicha kona, ikilegea na kutoa vumbi jeupe, ulikuwa unanunua wanga. Sugua sehemu nyekundu kwa leso nyeupe yenye maji uone kama rangi inachuja. Halafu omba: “Mama, naomba uzi mmoja wa ukingoni.” Mwenye mali safi hakatai. Uchome: pamba huacha majivu laini yenye harufu ya karatasi iliyoungua, poliesta huyeyuka ikaganda kidonge kigumu.

Yadi 6 ni karibu mita 5.5. Kikunjuliwe, kipimwe mbele yako, ndipo mpatane, kwa shilingi au kwa kwacha. Na ukinunua robota zima upande wa Nakonde, achana na njia za panya. Pita forodhani, maana tangu 2019 nchi hizi mbili zina kituo cha pamoja hapohapo mpakani.